Babeli tunayoisimulia na Babeli iliyoandikwa kwenye udongo

Babeli wengi wetu tumeijua kwa midomo ya wengine. Msomaji wa Biblia anaanza na mnara uliochafua lugha, kisha mfalme Nebukadreza na tanuru lake la moto. Msomaji wa Qur'ani anaikuta Babil katika Suratul Baqara, mji wa Haruti na Maruti, penye habari za uchawi. Kijana wa reggae naye akiona gari la doria linakata kona, anasema "Babiloni hao!"

Mbabeli mwenyewe hatujampa nafasi ya kusema, na kumbe aliandika mno. Alichukua udongo wa mfinyanzi ungali mbichi, akaugandamiza kwa ncha ya tete, alama kwa alama, akauacha ukauke. Karatasi huoza na ngozi huliwa na wadudu, lakini udongo hustahimili. Vibao hivyo vimefukuliwa Iraq kwa maelfu, na vingi vinapingana na tunayoyasimulia vijiweni.

Dhana: Hammurabi ndiye mtu wa kwanza duniani kutunga sheria.

Hammurabi alitawala Babeli takriban mwaka 1792 hadi 1750 KK. Miaka kama 300 kabla yake, kule Uri, mji wa Wasumeri, tayari kulikuwa na sheria za mfalme Ur-Namma zilizoandikwa kwa Kisumeri. Sheria za Hammurabi zimepata umaarufu kwa sababu jiwe lake limebaki: jeusi, refu mita 2 na robo, juu yake amechorwa amesimama mbele ya Shamash, mungu wa jua na haki. Hata hilo halikukutwa Babeli. Waelami walilibeba kama nyara mpaka Susa, Iran ya leo, na Wafaransa wakalichimbua huko mwaka 1901 na 1902. Sasa liko kwenye makumbusho ya Louvre, Paris. Nyara ya nyara, ukipenda. Ile hesabu ya vifungu 282 inayotajwa kila mahali aliiweka padri Scheil alipoyatafsiri maandishi hayo mwaka 1902. Jiwe lenyewe halina namba.

Dhana: Sheria yake ilikuwa jicho kwa jicho, basi.

Ilikuwa jicho kwa jicho endapo aliyetobolewa ni mtu huru mwenye hadhi, sawa na aliyemtoboa. Akimtoboa mtu wa tabaka la chini, alilipa mina moja ya fedha, yaani karibu nusu kilo. Jicho la mtumwa lilifidiwa kwa nusu ya bei yake, na malipo hayo yalimwendea bwana wake.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba katika sheria za Ur-Namma, zilizotangulia, jicho lililipiwa nusu mina ya fedha. Tumezoea kudhani watu walianza na kisasi wakastaarabika hadi kufikia faini. Hapa faini ndiyo iliyotangulia.

Na vipo vifungu ambavyo mkulima yeyote angevitamani. Cha 48 kinasema mtu mwenye deni, mvua ya dhoruba ikimharibia shamba, au nafaka ikakosekana kwa ukame, mwaka huo halipi kitu. Kibao chake cha deni kinaloweshwa maji, na riba ya mwaka huo haipo. Cha 5 kinamhusu hakimu aliyekwisha kutoa hukumu na kuitia muhuri, kisha akaigeuza: analipa mara 12 ya dai lenyewe na kuondolewa kwenye kiti chake mbele ya watu. Ila nisiwapambe mno. Cha 230 kinasema nyumba ikianguka na kumuua mtoto wa mwenye nyumba, anauawa mtoto wa fundi aliyeijenga, ambaye hata tofali hakushika.

Dhana: Mahakimu walihukumu kwa kusoma jiwe.

Kumbukumbu za kesi za zama zile zipo nyingi, na ni nadra mno kukuta hakimu akitaja kifungu cha Hammurabi. Walisikiliza mashahidi, wakatazama kibao cha mkataba, wakamwapisha mtu mbele ya mungu wake. Jiwe lilikuwa zaidi mnara wa sifa za mfalme: njooni mwone jinsi nilivyokuwa mwadilifu.

Dhana: Torati ilinakiliwa Babeli. Na pacha wake: Torati haina uhusiano wowote na Babeli.

Hapa watu hugombana bure, na wengi hawajawahi kusoma habari za ng'ombe. Kutoka 21 inaeleza mambo yatakavyokuwa ng'ombe wa mtu akimpiga pembe ng'ombe wa mwenziwe hadi afe: wanamuuza aliye hai na kugawana fedha zake, na mzoga pia wanaugawana. Sasa fungua sheria za Eshnunna, mji jirani wa Babeli, zilizochimbuliwa Tell Harmal, Baghdad. Zinataka bei ya ng'ombe aliye hai igawanywe, pamoja na mzoga wa aliyekufa. Ni hukumu ileile.

Lakini ng'ombe huyohuyo akiua mtu, njia zinaachana. Kwa Hammurabi, mwenye ng'ombe aliyekwisha kuonywa kwamba mnyama wake ni mpiga pembe, naye asizikate pembe wala kumfunga, akimuua mtu huru, anatoa nusu mina ya fedha. Kwa Torati, ng'ombe anapigwa mawe na mwenyewe pia anastahili kufa, isipokuwa akitozwa fidia ya nafsi yake. Kwa maoni yangu hizi ni dalili za majirani waliokuwa na desturi moja ya kuamua kesi za mifugo, kisha kila mmoja akapima uhai wa mtu kwa mizani yake.

Dhana: Utenzi wa Gilgamesh ni hadithi ya gharika.

Gilgamesh ni mfalme anayesimuliwa katika utenzi wa kale wa Kibabeli. Lawama ni ya umaarufu wa kibao chake kimoja. Mwaka 1872, London, George Smith, Mwingereza aliyejua kusoma maandishi hayo, alisoma hadharani kibao kutoka Ninawi chenye mtu aliyejenga chombo, akaokoa wanyama, kisha akatuma njiwa, mbayuwayu na kunguru. Watu wakapagawa, na tangu siku hiyo kibao hicho, cha 11 cha utenzi, kimevifunika vingine vyote.

Gharika yenyewe ina utenzi wake mwingine wa Kibabeli, Atrahasis, ambamo mungu Enlil anaileta kwa sababu watu wamezidi na makelele yao yanamnyima usingizi. Linganisha na Nuhu, ambaye watu wake waligharikishwa kwa uovu wao. Maji ni yaleyale, shtaka ndilo tofauti.

Moyo wa Gilgamesh ni msiba. Enkidu, rafiki yake wa chanda na pete, anafariki, na mfalme anakataa asizikwe. Anaulilia mwili siku sita na usiku saba, mpaka funza anadondoka kutoka puani mwa maiti. Hapo ndipo anaingiwa na hofu: na mimi nitakuwa hivi? Kila anakokwenda baada ya hapo, hata kwa mzee wa gharika, anakimbia yule funza.

Dhana: Mnara wa Babeli ni hekaya tupu.

Mnara ulikuwepo. Uliitwa Etemenanki, kitako chake kama mita 91 kila upande. Jina la mji Wababeli walilielewa kuwa "lango la mungu". Maana ya kuchafuka ilitoka kwa Waebrania, ambao neno lao la kuchanganya linafanana nalo kwa sauti.

Dhana: Babeli ilikufa na mambo yake.

Angalia saa yako. Dakika 60 zinatokana na hesabu ya sitini waliyoirithi kwa Wasumeri. Na anayekuuliza nyota yako ni Nge au Mizani anatumia buruji 12 walizozigawa wanajimu wa Babeli, zikapita kwa Wagiriki na Waarabu hadi kwenye falaki ya pwani yetu.

Dhana: Bustani zinazoning'inia zilikuwa fahari ya Babeli.

Nebukadreza alijisifia kuta, malango na mahekalu kwa maandishi marefu, lakini bustani hizo, ambazo husemwa alizijenga yeye, hakuzitaja hata mara moja. Robert Koldewey, Mjerumani aliyechimba pale tangu 1899, alikuta katika jumba la mfalme vyumba vyenye matao imara, akadhani ndio msingi wa bustani. Ndani yake mlikuwa na vibao. Vilipokuja kuchapishwa mwaka 1939, vikaonekana ni daftari za stoo: mgao wa mafuta kwa watu wa mataifa waliokuwa Babeli, wakiwemo maseremala wa Kigiriki. Katikati ya orodha kuna Yehoyakini, mfalme wa Yuda aliyechukuliwa mateka, na chini yake wanawe watano, wamegawiwa sila mbili na nusu. Sila ni kama lita moja, kwa hiyo kila mtoto wa mfalme alipata nusu lita.