Mvua sifuri si safu tupu: elimu kwa wanaoandaa takwimu za vituo

Tangu kompyuta zetu hapa Tabora ziwekewe NumPy 2.2 (maktaba ya lugha ya programu ya Python inayokokotoa safu, yaani mipangilio ya namba), toleo lililotoka Desemba 2024, simu hazikatiki: "Programu ya mvua imeharibika." Haijaharibika. Kinachokataliwa ni mstari mmoja, `if mvua:`, unaotumiwa kuuliza kama `mvua` ina kitu ndani, ambao wengi mmeuzoea kwenye orodha za kawaida za Python.

Kwenye orodha unafaa, kwenye safu ya NumPy haufai. Safu yenye vipimo viwili au zaidi huleta kosa la `ValueError` na programu husimama, kwa kuwa haijulikani unauliza kipimo kipi. Safu tupu zamani ilipita kwa onyo; sasa nayo inagoma. Hatari kubwa iko kwenye safu ya kipimo kimoja: kikiwa 0, jibu ni `False` (yaani "hapana"), na programu inaendelea kimya kana kwamba hakuna aliyepima.

Hapa naomba tuelewane. Julai ni kiangazi. Msomaji wa kipimamvua anafika saa tatu asubuhi, anakuta chupa kavu, anaandika 0.0. Hiyo ni taarifa kamili. Ukiitupa kwa sababu programu imeiita tupu, umetupa kazi ya mtu. Wala msikimbilie `mvua.any()`, inayouliza kama kuna hata kipimo kimoja kisicho sifuri: mwezi mzima wa sifuri nao hujibu `False`. Hili nimelieleza mara nyingi mno.

Andikeni `if mvua.size == 0:`, `size` bila mabano. Inahesabu vipimo vyote. `len` huhesabu mistari tu; jedwali la umbo `(31, 0)`, yaani siku 31 bila kituo hata kimoja, litakujibu 31 na ndani hamna kitu.

Safu ikithibitika tupu, usitafute wastani, utapata `nan`, yaani "si namba". Usijaze sifuri. Acha nafasi wazi, andika kituo, mwezi na sababu, ambatisha picha ya ukurasa wa daftari, msimamizi asaini, ndipo utume. Ripoti iliyojazwa sifuri hurudishwa nzima, si ukurasa mmoja, na ikija tena inaanzia mwisho wa foleni. Ikikosewa mara ya pili, tunalikagua daftari la kituo kuanzia Novemba, msimu ulipoanza.

Walio na matoleo ya chini ya 2.2 wasijione salama. Kwao safu tupu huleta onyo tu, na mara nyingi onyo hilo halitokei hata kwenye skrini. Badilisheni mstari huo kabla ya kutuma ripoti ya mwezi huu.