Kwa nini daktari hodari hukosea mbele ya mgonjwa mahututi?

Mara nyingi tatizo si uhaba wa elimu. Kosa huzaliwa pale jina la ugonjwa linapopatikana mapema mno, na uchunguzi ukakoma hapo.

Kati ya mwaka 2007 na 2008, watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870, watoto kwa watu wazima, waliolazwa kwa homa katika hospitali za KCMC na Mawenzi mjini Moshi. Madaktari waliwaandikia malaria wagonjwa 528, yaani zaidi ya asilimia 60, ilhali uchunguzi wa kina wa maabara ulibainisha kwamba malaria ndiyo iliyosababisha homa kwa wagonjwa 14 tu. Miongoni mwa wagonjwa hao 870 walikuwamo wenye bakteria katika damu, virusi vya chikungunya, na homa ya mgunda (leptospirosisi, inayotokana na mkojo wa wanyama na maji yaliyochafuliwa nao), ambayo wakazi wa Lindi waliijua kwa uchungu mwaka 2022. Dawa ya malaria haitibu hata moja kati ya hayo.

Akili ikibanwa na muda haipimi kila uwezekano. Hushika linalokuja upesi, na linalokuja upesi ni lile lililozoeleka. Wanasaikolojia Tversky na Kahneman walilieleza jambo hili mwaka 1974, nasi tuliokulia mahali ambapo kila homa iliitwa malaria hatuhitaji kushawishiwa. La hatari zaidi ni kwamba jina likishaandikwa kwenye faili, daktari wa zamu inayofuata hulipokea kana kwamba limethibitishwa, na kipimo kikirudi bila vimelea, kinachotiliwa shaka ni kipimo.

Marekani nako, katika hospitali za wanajeshi wa zamani, wagonjwa wa moyo waliofika wakibanwa pumzi walipimwa donge la damu kwenye mapafu mara chache zaidi pale maelezo ya mapokezi yalipokwisha kutaja moyo. Lakini ugonjwa wa moyo haumkingi mtu na donge hilo.

Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani linataka malaria ipimwe kabla ya kutibiwa. Hilo ni jema, ila halitoshi iwapo wanaokabidhiana zamu hawaulizani ni dalili gani haioani na ugonjwa ulioandikwa. Ndugu aliyemleta mgonjwa naye asinyamaze: kwamba mgonjwa alimzalisha ng'ombe wiki mbili zilizopita, au alishinda kwenye jaruba la mpunga, ni habari inayoweza kumfanya daktari aagize kipimo ambacho asingekifikiria.