Kamera ya gari haiui betri usiku, kinachoua ni waya zilivyofungwa

Huku Mbeya kila nikisema funga kamera irekodi hata gari likiwa limepaki naambiwa "asubuhi hutawasha gari". Si kweli jamani, na inaniuma maana watu wanakwanguliwa gari usiku na ushahidi hawana.

Seti ya kuifungia kamera (kit) ina waya tatu: moja inaenda kwenye fyuzi yenye umeme muda wote, ya pili kwenye fyuzi inayopata umeme ukiwasha swichi tu, ya tatu ni ethi, yaani upande wa hasi, unaibana kwenye bolti ya bodi, chuma kitupu, sio juu ya rangi. Hiyo ya pili ndo inaiambia kamera gari limezimwa. Halafu kuna kaboksi kadogo kanapima volti, betri ikishuka mpaka ulipoweka, tuseme 12.2, kanakata umeme wa kamera na stata inabaki na nguvu yake. Betri nzima iliyojaa inasoma kama 12.6 hivi.

Wanaolia betri kufa wengi fundi alikata adapta ya kuchajia akaiunga direkti kwenye umeme wa muda wote, hakuna cha kukata, hapo lazima ikauke tu.

Ila baridi ya Juni na Julai, Uyole au Makambako, betri inapungua nguvu kweli, kwa hiyo weka 12.4 sio 12.0, na kama betri yenyewe imeshachoka badilisha kwanza, kamera baadae.