Huria si bure, wala si holela

Pita kwenye meza za mafundi simu, Stendi Ndogo ya Arusha au Double Road ya Moshi, utasikia neno "huria" likibebeshwa mizigo isiyo yake. Simu iliyoflashiwa, yaani iliyoandikwa mfumo upya, inaitwa huria. Simu iliyotolewa kifungo cha mtandao ili ikubali laini zote nayo huria. Programu iliyopakuliwa bila kulipia, huria vilevile. Kosa hili limezoeleka kiasi kwamba hata anayejua kazi hulitamka mbele ya mteja, na mteja akaondoka na maana ambayo siku moja itamgharimu simu.

Maana yenyewe ni fupi. Programu huria ni ile ambayo mtumiaji amepewa ruhusa kwa maandishi, yaani kwa leseni, kuiendesha kwa kazi yoyote, kuusoma na kuubadili msimbo wake (maandishi ambayo programu imeundwa kwayo), kugawa nakala zake, na kugawa hata nakala aliyoibadili mwenyewe. Haki hizo nne zinatokana na kazi ya Richard Stallman, aliyetangaza mwaka 1983 mradi wa GNU, wa kuunda mfumo huria wa kompyuta. Bei haimo.

Sasa neno. Shina lake ni la Kiarabu: hurr, mtu asiye mtumwa. Kwetu likawa huru, tukalipachika u- tukapata uhuru. Huria ilikuja kivyake kutoka hurriya, ikiwa tayari ni jina la hali nzima, ndiyo maana haibadiliki hata ngeli ikibadilika: soko huria, chuo huria, programu huria. Katika ukoo huo wote hamna fedha iliyosamehewa. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, na wanafunzi wake wanalipa ada kama wengine. Kilicho huria pale ni mlango: mtu anasoma akiwa kazini kwake, akiwa Karatu au Rombo, bila kuhamia bwenini. Biashara huria ya miaka ya 1980 iliyajaza maduka sabuni na vitenge, na kila kimoja kilikuwa na bei yake. Rais Ali Hassan Mwinyi aliitwa Mzee Ruksa; hakuna aliyemwita Mzee Bure. Ruksa ndilo neno lililo karibu zaidi na huria. Na Kilele cha Uhuru kinachoonekana Moshi asubuhi mawingu yakitawanyika, mita 5,895, muulize mpagazi yeyote kama kinapandwa bila kulipia.

Bure ina nyuso mbili, na zote mbili ziko mbali na huria. Uso wa kwanza ni bila malipo. Wa pili ni bila faida: kazi bure, maneno bure, mtu bure. Ukiiita programu huria "ya bure", umeibandika nyuso zote mbili, na msikilizaji anaondoka akidhani ni kitu hafifu alichohurumiwa.

Kiingereza kina udhuru. Neno lao free linabeba uhuru na kutolipa kwa pamoja, kwa hiyo tangu miaka ya 1980 wanalazimika kueleza kwamba wanamaanisha uhuru wa kusema, hawamaanishi bia ya kugawiwa. Wengine wakaazima libre ya Kifaransa na Kihispania. Mwaka 1998 kundi jingine likaja na jina jipya, ambalo kwetu ni chanzo wazi, sehemu ya sababu ikiwa kuukimbia utata huohuo. Sisi hatukuhitaji hangaiko hilo. Tulikuwa na maneno mawili, kila moja na kikao chake, tukayachanganya kwa hiari yetu. Inauma.

WhatsApp ni ya bure na si huria: hulipii, lakini huruhusiwi kuufungua msimbo wake. OsmAnd, programu ya ramani inayofanya kazi bila bando hata kwenye njia za juu ya Machame, ni huria, na toleo lake la OsmAnd+ linauzwa kwenye duka la Google huku likitolewa bila malipo kwenye F-Droid, duka la programu huria. Zile WhatsApp zilizochezewa zinazosambazwa kwa faili, GBWhatsApp na jamaa zake, si huria hata kidogo. Mtu kabadili kitu cha mwenzake bila ruhusa, na aliyoyaongeza ndani huwezi kuyasoma. Hiyo ni holela, na akaunti yako inaweza kufungiwa.

Kwenye simu yenyewe mkanganyiko unaongezeka, kwa sababu kutengenezeka na kuwa huria ni mambo mawili, na watu huyafunga furushi moja. Chukua Fairphone, simu ya kampuni ya Amsterdam. Kwenye Fairphone 5 ya mwaka 2023 unaingiza ukucha kwenye kona ya kava la nyuma, linabanduka. Betri ya mAh 4,200 unaiinua kwa vidole, bila bloa wala gundi. Tundu la chaji ni kipande cha peke yake, na hilo si jambo dogo kwa vumbi letu la kiangazi: likichoka unabadili kipande, bodi haiguswi. (Kabla ya kulibadili, lisafishe kwa kijiti cha mti simu ikiwa imezimwa. Pini ya chuma hupinda miguu ya ndani.) Kioo cha Fairphone 3 kinashikwa na skrubu 13, na zinafunguka kwa bisibisi moja ndogo ya nyota, PH00. Hiyo ni simu ya kutengenezeka. Lakini kwa kawaida hutoka dukani na Android yenye programu za Google, ambazo msimbo wake umefungwa. Upande wa pili, Google Pixel yenye GrapheneOS imewekewa mfumo huria, ila kuibadilisha betri unahitaji joto la kulainisha gundi, kadi nyembamba ya plastiki, na mkono mtulivu, maana betri ya lithiamu ikitobolewa inawaka.

Kuflashi nako ni kitendo tu, kama kupaka rangi. Fundi akirudisha mfumo uleule wa kiwandani, kaflashi, na simu imefungwa kama ilivyokuwa. Kinachofungua njia ni butiloda, kile kiprogramu kinachoamka kwanza ukibonyeza kitufe cha kuwasha. Unaingia kwenye mipangilio, unagusa namba ya toleo la mfumo mara saba, yanatokea machaguo ya watengenezaji programu, unaruhusu kufungua. Kwa Fairphone unaomba namba ya kufungulia kwenye tovuti yao ukitumia IMEI, ile namba ya utambulisho wa simu inayotokea kwa *#06#. Kufungua kunafuta kila kitu, picha na meseji zote, kwa hiyo hifadhi kwanza. Tumia laptop yenye betri nzima, umeme ukikatika katikati ya kuandika mfumo simu inaweza kubaki kwenye logo. Waya uwe wa data, kwani nyaya nyingi za bei ndogo ni za chaji pekee na kompyuta haitaiona simu. Faili la mfumo mara nyingi linazidi gigabaiti moja. Kabla ya kuliandika, linganisha alama yake ya SHA-256, ule mfuatano wa herufi na tarakimu unaoonyesha kwamba faili halikuharibika, na ile iliyotangazwa na wenye mfumo.

Mahali simu zinapofia ni kuifunga tena butiloda. Kwenye Fairphone 4 na 5, ukiweka mfumo wenye tarehe ya usalama ya zamani kuliko ule uliokuwamo, kisha ukaifunga butiloda, simu inaweza kukataa kuwaka, na pengine kusiwe na amri ya nyumbani ya kuirudisha. Kwa hiyo kabla ya kufunga andika kwenye kompyuta amri hii, fastboot flashing get_unlock_ability, inayouliza kama simu itakubali kufunguliwa tena, usome jibu. Likiwa 1, endelea. Likiwa 0, acha. Rudi kwenye simu, ruhusu tena kufungua, uulize upya. Fundi anayeruka hatua hii kwa haraka anamuulia mteja wake simu nzima.

Hata ikimaliza salama, usiseme "simu yangu yote huria". LineageOS na /e/OS, mifumo huria ya simu, zimejengwa juu ya Android huria na kiini cha Linux, lakini modemu inayoongea na mnara, na sehemu za kamera, huendeshwa na programu zilizofungwa za watengeneza chipu. Programu za benki zinaweza kukataa, kwa sababu zinamuuliza Google kama mfumo ni ule wa kiwandani. Menyu ya *150*00# haiulizi hayo, inapita kwenye mtandao wa simu, kwa hiyo M-Pesa inaendelea. Na kubadili IMEI hakumo kabisa katika huria: TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, ilizizima simu zenye IMEI bandia Juni 2016, na kuchezea namba hiyo ni kosa la jinai.

Dada akifika mezani akasema, "Kaka, niwekee ile Android ya bure," asikatwe kauli mbele za watu. Kaa naye. "Ni huria, dada. Mfumo wenyewe haulipiwi, kazi yangu inalipiwa. Picha zako umeshazihifadhi?"