Panki ya Sauzi: bendi iliyovunja sheria kabla hata ya kushika gita

Ukisema panki watu wa rika langu wanakumbuka kunyoa, ile nywele zinasimama juu zimenyooka kama meza, ndo maana vijana wakija hapa kwenye maktaba yetu ya sauti nikawaambia kuna muziki wa panki na Afrika ulipigwa miaka zaidi ya 40 iliyopita wanacheka. Haya, leo niwaelezee kidogo panki ya Afrika Kusini, hasa bendi moja inaitwa National Wake.

Muziki wenyewe ulishika moto Uingereza na Marekani kwenye 1976 hivi, nyimbo fupi, gita mbio mbio, muimbaji anafoka, na sio lazima uwe fundi ndo uanzishe bendi. Mwaka huohuo Juni 16 wanafunzi wa Soweto wakaandamana kukataa kufundishwa kwa Kiafrikaans, polisi wa makaburu wakawapiga risasi. Kwa hiyo panki inaingia Sauzi inakuta nchi tayari inafukuta. Durban wakaja Wild Youth, singo yao imetoka 1979, Cape Town kukawa na Safari Suits, nyingi ya bendi hizo zilikuwa za vijana wa kizungu, nzuri tu sina neno, ila mimi ukiniuliza nitakutajia National Wake.

Hao walianza Johannesburg 1979. Ivan Kadey, mzungu aliyesomea usanifu wa majengo, akaungana na ndugu wawili wa Soweto, Gary Khoza kwenye besi na Punka Khoza kwenye dramu, baadae Steve Moni aliyetoka Safari Suits akaongeza gita. Sasa hapo ndo penyewe. Kulikuwa na sheria ya 1950 iliyogawa sehemu za kuishi kwa rangi, mweusi huwezi kupanga mtaa wa mzungu labda uwe mtumishi wa ndani, na jamaa wakaenda kukaa pamoja kwenye nyumba moja Parktown, mtaa wa wazungu! Yaani bendi za London zilibidi zitafute tusi la kuwaudhi wakubwa, hawa kuamka tu asubuhi wakanywa chai meza moja kosa lilishatimia. Na polisi waliwaandama kweli.

Albamu yao ilitoka 1981 chini ya lebo kubwa ya WEA, zikauzwa nakala kama 700 tu halafu ikaondolewa madukani kwa shinikizo la serikali. 1982 bendi ikawa imekwisha. Hakuna aliyewafunga midomo kwa kelele, walibanwa taratibu mpaka pumzi ikakata.

Ilibidi 2013 lebo ya Marekani, Light in the Attic, iwatoe tena. Ukizipata hizo nyimbo anza na International News, inaongelea habari zinavyofichwa wananchi wasijue kinachoendelea, halafu sikiliza na zingine, utakuta panki imechanganyika na rege na fanki humohumo, wala usishangae ukijikuta unacheza.