Usiku wa Ijumaa ni usiku upi? Kwa walimu wanaoandaa majaribio mtandaoni

Mwalimu mmoja hapa Unguja aliwatangazia wanafunzi wake kwamba jaribio litafungwa "usiku wa Ijumaa, saa 6". Akaingia kwenye mfumo, akachagua tarehe ya Ijumaa, akaandika 00:00, akalala. Alipoamka alfajiri simu imejaa ujumbe. "Assalaam alaykum mwalimu, jaribio limefungwa na mimi sijaligusa." "Mwalimu, si ulisema leo?" Kiasi cha nusu ya darasa hawakuwa wameanza.

Mfumo haukukosea. Saa 00:00 ya Ijumaa ndipo tarehe ya Ijumaa inapoanza, kwa hiyo jaribio lilifungwa Alhamisi usiku. Na ukiwauliza wazee wetu, watakwambia mfumo ndio uliosema kweli: usiku wa Ijumaa ni ule unaoingia Alhamisi baada ya magharibi, usiku wa kusoma Yasini. Mwalimu alihesabu kiofisi, kompyuta ikahesabu kivyake, na wanafunzi wengine walihesabu kama walivyofundishwa nyumbani. Hapakuwa na mtu mle ndani wa kusema, "Jamani, tumefahamiana vibaya, ngojeni."

Kazi yangu ni kuwasaidia walimu kutumia mfumo wa kujifunzia mtandaoni, na kila muhula nalirudia hili. Katika ukumbi wa mtihani wewe upo. Swali la 5 likiwa na kosa unalirekebisha ubaoni. Mtoto akichelewa kwa sababu gari ya Nungwi imeharibika, unamwangalia usoni na kuamua. Kwenye jaribio la mtandaoni hupo. Anayesimamia ni yale uliyoyaandika kwenye mipangilio siku tatu kabla, na yatatekelezwa kama yalivyoandikwa. Kwa hiyo huruma yako, busara yako na tahadhari yako yote lazima uiweke mapema.

Tuanze na saa, maana ndiyo inayotuumiza zaidi. Mfumo unahesabu kuanzia usiku wa manane. Saa 2 asubuhi yetu ni 08:00, saa 8 mchana ni 14:00, saa 2 usiku ni 20:00. Mwalimu mwenye haraka anaandika 02:00 akikusudia asubuhi, jaribio linafunguka watu wamelala. Ukimaliza kuandika saa, isome kwa sauti kwa Kiswahili chetu ujisikie unasema nini. Kama mfumo wenu unakaa kwenye kompyuta iliyokodiwa nje ya nchi, muulize fundi wenu kama umewekwa kwenye saa za Afrika Mashariki. Usipowekwa unaweza kuwa unahesabu kwa saa za Greenwich, nyuma yetu kwa saa 3.

Ushauri wangu ni kuachana kabisa na kufunga usiku wa manane. Funga saa 10 alasiri siku ya kazi, wakati wewe uko macho na fundi yupo. Kama lazima iwe usiku, weka 23:55, na kwenye tangazo andika "Ijumaa tarehe fulani usiku, kuamkia Jumamosi". Usiweke dirisha fupi la jaribio Ijumaa kati ya saa 6 na saa 8 mchana, na katika Ramadhani usilifunge saa 12 jioni wakati watu wanahangaika na futari. Nawaambia haya walimu wa hapa hapa, waliozaliwa hapa, kwa sababu mbele ya kompyuta mtu husahau hata anayoyajua.

Umeme ukikatika

Mfumo unaotumika katika vyuo vingi duniani, vyetu vikiwemo, ni Moodle, programu huria iliyoanzishwa na Martin Dougiamas wa Australia. Toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2002. Nitautumia huo kama mfano, ingawa mifumo mingine ina mambo yanayofanana.

Kuna vitu viwili ambavyo walimu huvichanganya: muda wa kufunga jaribio na muda wa kulifanya. Ukiweka dakika 40 za kulifanya na jaribio linafungwa saa 10 kamili, mwanafunzi aliyeanza saa 10 kasorobo amepata dakika 15 tu. Mfumo haumpi zaidi. Waelezeni hivyo kwa maneno, wasije wakagundua wakiwa ndani.

Pia saa ya jaribio haihesabiwi kwenye simu ya mwanafunzi. Inahesabiwa kwenye kompyuta kuu. Mtandao ukipotea Micheweni, dakika zinaendelea kwenda. Unguja na Pemba zote zinaletewa umeme kwa nyaya zilizolazwa chini ya bahari, na waliokuwepo wanakumbuka Unguja ilivyokaa gizani tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010. Siku hizi hali ni nyingine, lakini umeme kukatika kwa saa moja tu kunatosha kumharibia mtu jaribio la dakika 40. Kinachomwokoa ni kwamba Moodle, ikiachwa kama ilivyo, hujihifadhia majibu yenyewe takriban kila dakika moja, mtandao ukiwepo. Majibu yaliyokwisha kuhifadhiwa hayapotei. Akiingia tena anaendelea pale alipoachia, ilimradi muda haujaisha.

Hapo ndipo penye mpangilio ambao ningependa kila mwalimu autazame kwa macho yake: muda ukiisha, nini kitokee? Chaguo zipo tatu. La kwanza, mfumo unakusanya wenyewe majibu yaliyopo. La pili, mwanafunzi anapewa muda wa nyongeza wa kukusanya bila kuruhusiwa kujibu maswali mapya. La tatu, asiyebonyeza kitufe cha kukusanya kabla ya muda kwisha, kazi yake haihesabiwi. Hili la tatu ni kama kumnyang'anya mtu karatasi iliyojaa na kuichana kwa sababu hakuinuka kwenye kiti. Chagua la kwanza. Na kwa mwanafunzi uliyeridhika na udhuru wake, huna haja ya kuwafungulia darasa zima: mfumo unakuruhusu kumwekea mtu mmoja, au kundi moja, tarehe na muda wake pekee.

Gawa maswali matano matano kwa ukurasa. Ukiweka moja moja, mwenye mtandao dhaifu anasubiri ukurasa ufunguke mara 20. Picha zipunguze. Picha iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera ya simu inaweza kuwa megabaiti 4, na mwanafunzi wako anailipia kwa bando lake.

Jibu la makosa lina kazi yake

Hapa ndipo nataka tukae kidogo. Walimu wengi hutumia nguvu zao zote kwenye swali na jibu sahihi, kisha chaguo tatu zilizobaki wanazijaza kwa chochote. Tazama swali hili:

Mkulima wa Wete alianika kilo 50 za karafuu mbichi. Zilipokauka zilibaki kilo 17. Uzito umepungua kwa asilimia ngapi?

Jibu ni 66, maana zimepotea kilo 33 kati ya 50. Sasa, chaguo nyingine ziwe zipi? Ukiweka 5, 12 na 90, mwanafunzi asiyejua chochote anaziondoa kwa macho. Weka 33, 34 na 194. Anayechagua 33 ametoa 17 kwenye 50 akaishia hapo, akadhani kilo ndizo asilimia. Anayechagua 34 ametafuta asilimia ya kilichobaki badala ya kilichopungua. Anayechagua 194 amegawa 33 kwa 17: anajua lazima agawe, ila hajui kipimo ni uzito wa mwanzo. Watoto watatu wamekosa swali moja, na kila mmoja anahitaji somo lake. Moodle inakupa nafasi ya kuandika maoni chini ya kila chaguo, na wengi tunaiacha tupu. Andika hapo, "Umepata kilo zilizopungua. Sasa zilinganishe na kilo za mwanzo." Ukiandika mara moja, yatasomwa na kila mtoto atakayekosea hivyo, mwaka huu na mwaka kesho.

Makosa haya huyabuni. Yamo kwenye madaftari uliyosahihisha miaka yote. Kabla hujaandika chaguo, chukua rundo la karatasi za zamani uone watoto walijibu nini.

Maswali ya kweli au si kweli yatumie kwa uangalifu. Hesabu yake ni hii: jaribio la maswali 20 ya aina hiyo, na alama ya kufaulu ni 40 kwa mia, yaani maswali 8. Mtu anayebahatisha tu, bila kusoma swali hata moja, ana nafasi ya karibu 87 kati ya 100 ya kufaulu. Maswali hayo 20 yakiwa na chaguo nne kila moja, nafasi hiyo inashuka hadi kama 10 kati ya 100. Na kama umeruhusu mfumo uchanganye mpangilio wa chaguo, futa lile jibu la "yote yaliyo hapo juu". Likichanganywa huenda likakaa la kwanza, na juu yake hakuna kitu.

Maswali ya kuandika jibu fupi yana mtego mwingine. Uliza mji mkuu wa kisiwa cha Pemba ni upi. Mmoja ataandika Chake Chake, mwengine Chakechake, mwengine Chake-Chake. Wote wamejua. Kompyuta itampa mmoja tu. Dawa ni kuandika jibu hivi: Chake*chake, na kuuambia mfumo usijali herufi kubwa na ndogo. Ile nyota husimama badala ya herufi zozote, au nafasi, au hata badala ya kutokuwa na kitu, kwa hiyo wote watatu wanapata. Kwa majibu ya namba tumia aina ya swali la namba, uweke na kiasi cha kuvumilia, mathalani 66 kwa tofauti ya 0.5, ili aliyekadiria asiadhibiwe.

Kwa asiyekuwa na intaneti ya uhakika nyumbani: maswali unaweza kuyaandika kwenye faili la maandishi ya kawaida, bila mtandao, ukaja kuyapakia chuoni kwa mara moja. Mtindo rahisi unaitwa Aiken. Swali mstari mmoja, kisha chaguo zinazoanza na A. B. C. D., kisha mstari wa mwisho ANSWER: B, na neno hilo lazima liwe kwa herufi kubwa na kwa Kiingereza, la sivyo mfumo unakataa. Yakishaingia, yapange kwenye benki ya maswali kwa mada. Ukiwa na maswali 60 ya mada moja, mfumo unaweza kumchagulia kila mwanafunzi 20 kwa bahati nasibu, na hapo kukopiana kunakuwa kazi kuliko kusoma.

Habari za kukopiana naulizwa kila semina. Hatua moja yenye faida kubwa ni ndogo sana: kwenye mipangilio ya kile anachoonyeshwa mwanafunzi, majibu sahihi yasionekane mpaka jaribio lifungwe kwa wote. Ukiyaonyesha mara tu mmoja anapokusanya, picha ya skrini itakuwa kwenye grupu la WhatsApp kabla wenzake hawajaanza. Zaidi ya hapo, mimi naamini majaribio ya kila wiki yawe na alama ndogo na yaruhusu kurudiwa mara mbili au tatu, alama ya juu ndiyo ihesabiwe. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani waliwasomesha wanafunzi kifungu cha maandishi. Wengine wakakisoma tena, wengine wakaandika wanachokikumbuka bila kutazama. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza, asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojijaribu walikumbuka asilimia 56, waliosoma tena 42. Kujibu kwenyewe ni kujifunza. Waliopita madrasa wanalijua hili, maana sura haihifadhiki kwa kuitazama msahafuni tu. Unafunga macho, unasoma, ukikwama unarudi.

Jaribio likishafungwa, usiishie kwenye alama. Fungua ripoti ya takwimu. Safu mbili zinatosha kwa kuanzia. Moja inaonyesha swali lilikuwa jepesi kiasi gani. Swali la chaguo nne lililopatwa na watu chini ya 25 kwa mia limeshindwa hata na kubahatisha, na mara nyingi tatizo ni maneno ya swali. Nyingine inaonyesha kama waliofanya vizuri jaribio zima ndio waliopata swali hilo. Namba ikiwa chini ya sifuri, wazuri wamekosa na dhaifu wamepata, na hapo kitu cha kwanza cha kutazama ni jibu uliloliweka wewe.

Mimi lilinipata. Swali la 11, namba ilikuwa chini ya sifuri, na nilipolifungua nikakuta nimetia alama chaguo C badala ya D. Wanafunzi bora wa darasa walikuwa wamekosa swali walilolijua, na hakuna hata mmoja aliyelalamika. Walidhani wao ndio wamekosea. Nilirekebisha jibu, nikaamuru mfumo usahihishe upya majaribio yote, alama zikabadilika kwa dakika moja. Kisha nikawaandikia wote: "Swali la 11 kosa lilikuwa langu. Mliochagua D mlikuwa sahihi tangu mwanzo. Tizameni alama zenu upya."