Haidreti Bombani Si Barafu ya Kawaida

Wengi huamini kwamba bomba la gesi kwenye baridi huzibwa na barafu tu, na kwamba kiungo cha mimea kinachotiwa bombani huizuia bila madhara.

Kinachoziba ni haidreti: molekuli za maji zilizoizingira gesi na kuwa kitu kigumu kama barafu. Methani, sehemu kuu ya gesi asilia, huunda haidreti hata kwenye nyuzi 4 za Selsiasi, shinikizo likifika takriban mara 40 ya lile la hewa. Methanoli, aina ya alkoholi, hushusha joto ambalo haidreti huganda. Viungo vya mimea kama wanga na pektini (ya matunda), katika majaribio ya maabara, huchelewesha tu fuwele kuanza. Muda huo ni wa thamani, gesi huwahi kupita. Wala asili si usalama: methanoli iliwahi kutengenezwa kwa kuni, nayo hupofusha ikinywewa.

Ukisoma sifa za kiungo, tafuta shinikizo, joto na muda wa jaribio.